Mpako wa Kauri Juu ya Kipandikizi: Kwa Nini Mmoja Hudumu na Mwingine Hubanduka

Katika upasuaji wa kubadilisha nyonga bila kutumia saruji ya mifupa, shina la titani huchomekwa ndani ya mfupa wa paja na kuachwa lishikwe na mfupa wenyewe. Mashina mengi ya aina hii huvikwa mpako mweupe wa kauri ya kalsiamu na fosfeti, wenye unene wa maikromita 50 hadi 200, yaani haufiki hata robo ya milimita. Kazi yake ni kuuvuta mfupa uote mpaka kwenye metali na kuikamata mapema, kabla shina halijapata nafasi ya kuchezacheza.

Swali linaloulizwa kila mara kuhusu mpako huu ni kama ni imara, na majibu yake hugongana vibaya. Mmoja atakwambia madini yake ni miongoni mwa fosfeti za kalsiamu zilizo ngumu kabisa kuyeyuka, kwa hiyo utakaa miaka na miaka. Mwingine atakuonyesha kipandikizi kilichotolewa mwilini kikiwa kimebaki metali tupu sehemu kadhaa. Wote wawili wanasema kweli. Kilichomo kwenye kopo la unga kiwandani na kilichopo juu ya shina la titani si kitu kimoja, kwa sababu kati yao umepita moto.

Unga kabla ya moto

Unga unaoanziwa ni hidroksiapatiti, Ca10(PO4)6(OH)2. Kwa kila atomu 10 za kalsiamu kuna 6 za fosforasi, uwiano wa 1.67. Madini ya mfupa, ambayo ni karibu theluthi mbili ya uzito wake, ni ndugu wa karibu wa kauri hii, ila yana kabonati ndani yake na fuwele zake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana mwili hauioni kauri hii kama kitu kigeni, na mfupa huota juu yake moja kwa moja bila kuweka utando wa nyama katikati.

Tatizo la hidroksiapatiti ni kwamba huvunjika upesi. Ukitengeneza shina zima la nyonga kwa kauri hiyo, hatua chache za mtu mzima zitatosha kulipasua. Titani, kwa upande wake, hubeba mzigo bila wasiwasi lakini mfupa huungana nayo polepole. Kuziunganisha, metali ibebe na kauri iungane na mfupa, lilikuwa wazo la miaka ya 1980. Mwaka 1985 Ronald Furlong wa London alianza kuwawekea wagonjwa nyonga zilizopakwa hidroksiapatiti, na mwaka uliofuata Rudolph Geesink akaanza Uholanzi. Njia iliyotumika kupaka ilikuwa kupuliza kwa plazma, na hadi leo ndiyo inayotawala viwandani.

Punje moja ndani ya tochi

Tochi ya plazma huwasha arki ya umeme ndani ya gesi ya argoni, mara nyingi ikichanganywa na haidrojeni, nitrojeni au heli. Gesi hupasuka kuwa ayoni na elektroni, hali inayoitwa plazma, na kiini cha ulimi wa moto unaotoka hupita nyuzi 10,000 za Selsiasi. Hidroksiapatiti yenyewe huanza kupoteza maji yake karibu na nyuzi 900, na ikikaribia 1,550 huvunjika kabisa. Kwa hesabu hizo pekee, hakuna ambacho kingepona. Kinachoiokoa ni ufupi wa safari: punje huruka kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde na hukaa motoni kwa milisekunde chache tu.

Tufuate punje moja yenye kipenyo cha maikromita 80 hivi. Kauri hupitisha joto polepole, kwa hiyo muda ule mfupi hautoshi joto kufika katikati. Kiini chake hubaki hidroksiapatiti ileile iliyotoka kwenye kopo. Tabaka linalokizunguka limepoteza sehemu ya hidroksili zake, yaani zile jozi za oksijeni na haidrojeni (OH), na kuwa oksihidroksiapatiti. Nje ya hapo madini yameyeyuka na kuvunjika:

Ca10(PO4)6(OH)2 → 2 Ca3(PO4)2 + Ca4(PO4)2O + H2O

Yaani hidroksiapatiti moja imezaa trikalsiamu fosfeti, tetrakalsiamu fosfeti na mvuke wa maji. Kwenye ngozi ya nje kabisa, ambako joto limezidi, fosforasi nayo hutoroka kama mvuke na kuacha oksidi ya kalsiamu, chokaa iliyochomwa ambayo bado haijazimwa. Punje moja tu, na tayari ina madini ya aina nne au tano yaliyofunikana.

Ukubwa wa punje hubadilisha hadithi yote. Ya maikromita 20 hupikwa mpaka kiini. Ya 150 hufika ikiwa imeyeyuka ngozi tu, na huweza kugonga metali na kuruka zake, au kunasa bila kushika vizuri. Fundi anayechuja unga wake kwa makini ameshaamua sehemu kubwa ya matokeo kabla hajawasha tochi.

Kisha punje hugonga titani. Hubonyea na kusambaa kuwa kisahani chembamba, na joto lake hunyonywa na metali kwa kasi inayofikia nyuzi milioni moja kwa sekunde au zaidi. Fuwele ya hidroksiapatiti ni jengo lenye mpangilio tata: kalsiamu hukaa katika nafasi za aina mbili tofauti, na hidroksili hujipanga kwenye mifereji. Kwa kasi ile ya kupoa, atomu hazipati nafasi ya kujipanga. Huganda zilipo, na kinachopatikana ni fosfeti isiyo na fuwele, yenye mpangilio ovyo wa atomu unaofanana na ule wa kioo. Kukosekana kwa hidroksili zilizochomwa njiani huzidisha hali hiyo, kwa kuwa fuwele haiwezi kujengeka bila kiungo chake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Visahani vya kwanza huangukia metali iliyopoa, kwa hiyo hugandishwa kwa ukali kuliko vyote. Vinavyofuata huangukia kauri yenye moto, inayoshikilia joto, na hupata muda wa kutengeneza fuwele. Karlis Gross na Christopher Berndt walilieleza hili vizuri katika kazi zao za mwaka 1998. Matokeo yake ni mpako usiofanana toka juu hadi chini: tabaka za nje zina fuwele nyingi, na tabaka linaloshikana na titani, lile ambalo kila kitu kingine kimeegemea, ndilo lenye fuwele chache zaidi.

Kuyeyuka si kosa, mahali ndipo penye kosa

Ukipanga madini haya kwa wepesi wa kuyeyuka katika majimaji ya mwili, fosfeti isiyo na fuwele ndiyo inayoongoza. Hufuatwa na tetrakalsiamu fosfeti, kisha trikalsiamu fosfeti ya alfa, kisha oksihidroksiapatiti na trikalsiamu fosfeti ya beta, na mwisho kabisa hidroksiapatiti iliyokamilika. (Alfa na beta ni mipangilio miwili ya fuwele ya trikalsiamu fosfeti ileile.) Oksidi ya kalsiamu iko kando ya foleni hii. Ikikutana na maji hugeuka hidroksidi, ujazo wake hukaribia kuongezeka maradufu, na inapotoka huacha tundu. Hakuna mtengenezaji makini anayeitaka.

Kwa haraka mtu angesema: basi tupige vita kila kinachoyeyuka. Mambo hayako hivyo. Majimaji ya damu tayari yamebeba kalsiamu na fosfeti kupita kiasi cha kuifanya hidroksiapatiti ijitengeneze yenyewe. Sehemu nyepesi za mpako zinapoyeyuka, huongeza ayoni zaidi papo hapo, na ayoni hizo hurudi kutua juu ya mpako kama apatiti mpya yenye kabonati, karibu sawa na ile ya mfupa. Protini na seli za kujenga mfupa hushika juu ya tabaka hilo jipya. Mpako usioyeyuka hata chembe ungekuwa mzembe kwenye kazi uliyowekewa. Kwa hiyo neno «imara» hapa lina masharti: tunataka mpako uyeyuke kidogo, kwa juu, katika majuma ya mwanzo, na usiyeyuke chini yake.

Na hicho ndicho ambacho mpako uliopulizwa bila uangalifu hushindwa kutimiza. Visahani vimelaliana kama vigae vya paa, na kati yake kuna vinyweleo na nyufa ndogo. Majimaji hupenya humo mpaka kwenye titani, hukuta tabaka lile lisilo na fuwele, na kulila kutoka chini. Ukiutazama kwa juu, mpako bado ni mzima na mweupe. Chini umeshaanza kuning'inia.

Kuna pia walaji wa aina nyingine. Osteoklasti, seli zinazomeng'enya mfupa wa zamani ili mpya ujengwe, hujibandika juu ya eneo dogo na kumwaga asidi, na pH humo hushuka hadi karibu 4.5. Kwa kiwango hicho cha asidi, hata hidroksiapatiti yenye fuwele kamili huyeyuka. Seli hizi hazitofautishi mfupa na mpako. Kwa hiyo mpako hupungua na miaka, na haupungui sawasawa: upande mmoja wa shina unaweza kuwa umebaki karibu mzima huku mwingine umekwisha. Anayeahidi mpako wa milele anaahidi kitu ambacho baiolojia ya mfupa haikiruhusu.

Namba inayodanganya

Kiwango cha kimataifa cha ISO 13779-2 hudai kwamba kiasi cha fuwele katika mpako kisipungue asilimia 45, na kwamba nguvu ya kushika metali isipungue megapaskali 15. Ni masharti ya maana. Lakini inafaa kujua namba hizi hupatikanaje.

Kiasi cha fuwele hupimwa kwa eksirei. Miale hupigishwa kwenye mpako na kifaa husoma ni kwa pembe zipi imerudi na kwa nguvu gani. Hidroksiapatiti hutoa kilele chake kikubwa karibu na digrii 31.8, trikalsiamu fosfeti ya alfa karibu na 30.7, tetrakalsiamu fosfeti karibu na 29.8, na oksidi ya kalsiamu karibu na 37.4. Sehemu isiyo na fuwele haina kilele. Huonekana kama kilima kipana chini ya vilele vyote. Kazi safi kabisa. Ila eksirei zinazotumika kwa kawaida, zitokanazo na shaba, hupenya kauri hii kwa makumi machache tu ya maikromita. Kwenye mpako wa maikromita 150, anayepima kwa juu anasoma tabaka za nje, zile zilizopata muda wa kupoa taratibu. Tabaka la chini, ambalo ndilo lenye shida, halimo katika namba aliyoiandika.

Mpako wenye fuwele asilimia 70 kwa kipimo cha juu unaweza kubanduka kabla ya ule wa asilimia 55 ambao sehemu zake zisizo na fuwele zimetawanyika vizuri badala ya kurundikana kwenye metali. Wastani hausemi lolote kuhusu mahali. Dawa ipo: unakata kipande, unakilaza kwenye resini, unakisugua mpaka king'ae, kisha unapitisha darubini ya Raman, inayomulika kwa leza na kusoma mtetemo wa atomu kwenye mwanga unaorudi, kutoka nje kwenda kwenye titani. Fosfeti ya hidroksiapatiti yenye fuwele hutoa mstari mwembamba karibu na 962 kwa sentimita. Isiyo na fuwele hutoa uvimbe mpana karibu na 950. Hatua kwa hatua unaona mstari ukinenepa na kuhama kadiri unavyokaribia metali. Picha hiyo moja ina thamani kuliko asilimia yoyote ya wastani, na ningependa kila hati ya kiufundi ya kipandikizi iwe nayo.

Kipimo cha nguvu ya kushika kina udhaifu wake. Silinda ya metali hugundishwa juu ya mpako kwa gundi kali kisha huvutwa mpaka kitu kiachie. Mpako ukiwa na vinyweleo vingi, gundi huzama ndani, huweza kufika hata kwenye titani, na kuushika mpako mbovu uonekane mzuri. Tena huvutwa ukiwa mkavu. Mipako ileile ikilowekwa kwa majuma katika majimaji yanayofanana na ya mwili, nguvu hiyo hushuka, kwa sababu kilichokuwa kinashikilia ni tabaka linaloyeyuka.

Majimaji ya kulowekea nayo yana visa vyake. Yale ya Tadashi Kokubo wa Japani, yaliyosawazishwa yakaribiane na ayoni za majimaji ya damu kwa pH ya 7.4, yana kalsiamu na fosfeti ya kutosha hata mpako huota apatiti mpya na kuonekana unaneemeka. Ukiloweka mpako huohuo katika maji yenye bafa tupu, yaani kemikali ya kutuliza pH pekee, utauona ukiyeyuka. Maabara mbili zikitoa hukumu tofauti, uliza kwanza beseni lilikuwa na nini.

Vuta nikuvute ya metali na kauri

Mpako haushikani na titani kwa kemia kwa kiasi cha kutegemewa. Hushikilia kwa kunasa kwenye makwaruzo yaliyotengenezwa kwa kupiga uso wa metali mchanga mkali kabla ya kupaka. Juu ya hilo kuna ugomvi wa joto. Kwa kila nyuzi moja ya kupoa, hidroksiapatiti husinyaa zaidi ya titani: kiwango chake cha kutanuka kwa joto ni karibu mara moja na nusu ya kile cha titani. Baada ya kupulizwa, kauri hutaka kujikunja lakini metali haiiachii, na mpako hubaki umevutwa kama ngozi iliyowambwa. Kauri huvumilia sana kubanwa, kuvutwa haikuwezi. Ndipo nyufa zinapoanzia.

Unene huzidisha ugomvi huu, kwa maana nguvu iliyolimbikizwa huongezeka na kila tabaka. Mpako wa maikromita 200 una akiba kubwa ya madini lakini hubanduka kwa urahisi zaidi. Wa 50 hushika vizuri lakini huisha mapema.

Kuupasha mpako moto tena kwenye tanuri, nyuzi 600 hadi 700, hugeuza sehemu kubwa ya fosfeti isiyo na fuwele kuwa hidroksiapatiti, na mvuke wa maji ukiwemo tanurini, hidroksili zilizopotea hurudi. Ni dawa inayofanya kazi. Ila madini yakijipanga hujibana, ujazo hupungua, na mpako uliokuwa tayari umevutwa huongezewa nyufa. Kupasha titani kabla ya kupaka hupunguza ukali wa ule mgando wa kwanza, kwa gharama ya kuongeza tofauti ya kusinyaa baadaye. Wengine huweka tabaka jembamba la oksidi ya titani katikati. Wengine hubadilisha madini yenyewe: floridi ikichukua nafasi ya hidroksili hupatikana floroapatiti, ambayo haina maji ya kupoteza motoni na huyeyuka kwa shida zaidi mwilini. Kila mojawapo ya njia hizi hununua kitu kwa kuuza kingine.

Wagonjwa wameonyesha nini

Hofu ya mwanzo ilikuwa kwamba vipande vya mpako vilivyobanduka vitaingia kwenye kiungo na kukwaruza plastiki ya polithilini. Haikuwa hofu ya bure, lakini picha kamili iligeuka kuwa ya kuvutia zaidi. Katika daftari la kitaifa la upasuaji wa nyonga la Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uligundua kwamba vikombe vya nyonga, yaani sehemu ya kiungo bandia inayopachikwa upande wa fupanyonga, vilivyopakwa hidroksiapatiti vilihitaji kurudiwa upasuaji mara nyingi zaidi kuliko visivyopakwa. Utafiti mwingine kutoka daftari hilohilo, wa mwaka 2011, uliangalia nyonga 4,772 zilizowekwa shina la paja la aina moja, lenye mpako na lisilo nao, na haukuona tofauti.

Mpako mmoja, hukumu mbili. Nadhani maelezo yako chini ya mpako. Shina la paja hukabwa ndani ya mfereji wa mfupa na mzigo wa mwili hulizamisha lizidi kukabwa. Kikombe hakina msaada huo. Uzoefu mbaya zaidi ulitoka kwa vikombe vyenye uso laini vilivyotegemea mpako peke yake: ulipokwisha, mfupa ulibaki unatazamana na metali nyororo isiyo na pa kushika. Pale ambapo titani ilikuwa na vinyweleo na makwaruzo ya kina, mfupa uliovutwa na mpako ulikuwa umeshaingia humo, na kupotea kwa kauri hakukuleta msiba.

Kwa mtengenezaji, hii ina maana kwamba kauri na uso wa metali vinapaswa kubuniwa pamoja, na tochi isiachwe kwenye mpangilio mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Pasi za kwanza, yaani mapito ya kwanza ya tochi, zipulizwe juu ya titani iliyopashwa, kwa mpangilio unaoacha fuwele nyingi kwenye mguso. Pasi za mwisho zipunguziwe masharti, ili ngozi ya nje iwe na kiasi cha fosfeti nyepesi cha kuanzishia mfupa. Ni kinyume kabisa cha kile ambacho tochi hukifanya ikiachiwa yenyewe.